Nimehamia jiji jipya: nitaipataje baa ya mtaani ya kuizoea?

Mgeni wa Ghorofa ya Tatu (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi.

Nina miezi minne tangu nihamie katika jiji ambalo sina ndugu wala rafiki hata mmoja. Kazi inakwenda vizuri, nyumba nimepata, na njia za mabasi nimeshazijua. Kilichonishinda, ingawa huenda wengine wakakiona kuwa jambo dogo, ni kupata baa. Sisemi baa nzuri, kwa kuwa hizo zipo tele na nimezizungukia nyingi kuliko mfuko wangu unavyopenda. Ninayoitafuta ni baa ya mtaani, ile ambayo mtu huingia Jumatano akiwa na nguo alizotoka nazo kazini, akakaa bila kuulizwa anamsubiri nani, akanywa chupa mbili huku akisikiliza mabishano ya watu anaowajua kwa sura, kisha akarudi nyumbani kwa miguu kabla ya saa nne usiku.

Nilikotoka nilikuwa na baa ya namna hiyo kwa miaka tisa, na kwa kweli sikumbuki niliipataje. Nikijaribu kuirudia siku ya kwanza, ninachokumbuka ni kwamba mvua ilikuwa ikinyesha na mlango ulikuwa wazi. Sasa najikuta nikikitafuta kwa makusudi kitu ambacho mara ya kwanza kilinijia chenyewe, na naona sina ujuzi wa kazi hiyo.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo mtanisamehe nikikiri kwamba nimetengeneza jedwali. Katika wiki sita nimeingia baa kumi na nne, na kila moja nimeipa alama kwa kinywaji, huduma, muziki, wateja na umbali kutoka nyumbani. Iliyoongoza iko mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Iliyoshika mkia ni ile iliyo karibu kuliko zote, dakika sita kwa miguu, yenye viti vya kuchosha mgongo, choo ambacho swichi ya taa yake iko nje ya mlango, na televisheni ndogo ambayo hakuna anayeitazama. Kote nimehudumiwa kwa adabu, lakini ni adabu ile anayopewa msafiri kituoni, ambaye kila mtu anajua kwamba baada ya nusu saa atakuwa ameshaondoka. Hakuna hata moja niliyoingia zaidi ya mara mbili.

Tena katika hiyo iliyoshika mkia nilikalia kiti cha mwisho wa kaunta, mazungumzo yakapoa ghafla, na mhudumu akaniinamia kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kiti kile kina mwenyewe. Nilihama bila ubishi, nikamaliza chupa yangu nikiwa nimesimama karibu na mlango, na sikurudi tena.

Maswali yangu ni haya: mtu aangalie dalili gani ili ajue kwamba baa fulani inaweza kuwa yake? Aende mara ngapi kabla ya kukata tamaa? Na je, mtu wa umri wangu, mwenye miaka arobaini na mmoja, akikaa peke yake kaunta kila wiki, haonekani kama mtu aliyefukuzwa nyumbani?

Naomba kuwasilisha.


Kaunta Miaka 11

Ndugu mleta mada, nimesimama nyuma ya kaunta kwa miaka kumi na mmoja katika baa tatu, na wageni wa aina yako nimewahudumia wengi, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Jedwali lako lina kasoro moja tu, nayo ni kwamba limepima vitu vinavyoonekana siku ya kwanza. Kinywaji, muziki na viti ni mali ya mwenye baa, naye anaweza kuvinunua vyote kwa wiki moja. Unachokitafuta wewe hakikununuliwa na mtu. Kimetengenezwa na wateja waliorudi, wakarudi tena, mpaka wakawa na vicheko vyao, ugomvi wao na viti vyao. Mtu aliyeingia mara moja hawezi kukipa alama kitu hicho kwa sababu bado yuko nje yake, hata kama amekaa katikati ya chumba.

Katika safu zako zote, ningeipa umbali uzito kuliko nyingine zikiunganishwa pamoja. Mtu mzima hutembea takriban kilomita tano kwa saa, maana yake dakika kumi ni mita mia nane hivi. Ukivuka hapo, kwenda baa kunageuka kuwa safari, na safari huhitaji sababu: unaiahirisha mvua ikinyesha, unaiahirisha ukichoka, na hatimaye unaifanya siku za sikukuu tu. Nikiwakumbuka wateja wangu wa kudumu, karibu wote walikuja kwa miguu, na wale wachache waliokuja kwa gari walikuwa wamehama mtaa wakashindwa kuiacha baa. Hiyo ya dakika arobaini ifute, hata kama bia yao inatoka peponi.

Baada ya umbali, angalia watumishi. Baa ambayo kila mwezi ina sura mpya nyuma ya kaunta haiwezi kukukumbuka, kwa kuwa hakuna mtu wa kukukumbuka. Muulize mhudumu kwa upole amekuwa hapo kwa muda gani, na akikujibu kwa miaka badala ya wiki, umeshapata nusu ya jibu lako. Kisha tazama jinsi watu wanavyoingia. Mahali pengine mtu huingia akatafuta meza ya wenzake kwa macho, akaenda moja kwa moja, na meza hizo hazizungumzi kamwe. Mahali pengine mtu huingia akasalimu chumba kizima, na sauti tatu zikamjibu kutoka pande tofauti. Nadhani sina haja ya kukwambia uchague ipi. Kaunta yenye kona nayo ni bora kuliko iliyonyooka kama reli, kwa sababu kwenye kona watu hutazamana usoni bila kuhitaji kugeuza viti.

Kuhusu bia ya bomba, nitasema kidogo tu, maana hapo wageni wengi hudanganyika. Mabomba na mipira yake yanapaswa kusafishwa kila baada ya wiki mbili hivi, la sivyo bia huanza kuwa na uchachu au ladha kama ya siagi. Baa yenye mabomba ishirini na wateja watano inapendeza kwa macho, lakini bia hulala ndani ya mipira siku nyingi kabla haijamfikia mtu. Hapo agiza chupa.

Sasa tuje kwenye saa. Ijumaa saa tatu usiku hata mimi nilikuwa namwona mteja kama mkono tu unaonyoosha noti. Nenda Jumanne au Jumatano, kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, wakati ambao mhudumu anapata nafasi ya kuinua macho, na uende siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kila wiki. Wateja wa kudumu huja kwa zamu zao bila kupangiwa na mtu. Ukija Jumanne wiki hii, Alhamisi wiki ijayo na Jumapili inayofuata, utakuwa umeingia baa tatu tofauti zenye mlango mmoja. Binti yangu, aliyesoma saikolojia, aliwahi kunieleza kwamba mtaalamu mmoja, Robert Zajonc, alionyesha mwaka 1968 kuwa watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokwisha kukiona mara nyingi, hata kama hakuna kingine wanachokijua kukihusu. Nilimwambia kwamba sisi tulikuwa tunalijua hilo bila kusoma: mteja wa mara ya kwanza ni mgeni, wa mara ya tatu ni yule bwana wa Jumanne, na wa mara ya sita akikosekana, kuna mtu atauliza.

Ukiwa ndani, mambo machache yatakusaidia. Gazeti ni rafiki mzuri kuliko simu, kwa sababu anayesoma gazeti anaweza kuulizwa limeandika nini, lakini anayetazama simu anaonekana yuko kwa watu wengine. Usiwanunulie watu wote raundi siku ya kwanza. Utawatia deni kwa mtu wasiyemjua, na kesho yake watakukwepa. Mabishano ya wenyeji yasikilize kwa ziara mbili tatu kabla ya kutia neno lako, kwa kuwa mengi yana umri wa miaka na yana kanuni zake. Ukiondoka, muage mhudumu. Hilo watu hulidharau, na ndilo linalomfanya ajue kwamba uliondoka, badala ya kugundua baadaye kwamba hayupo tena yule aliyekuwa pale.

Nimekiacha kiti kwa makusudi mpaka mwisho. Ndugu yangu, umekisoma kinyume. Baa ambayo kiti kina mwenyewe ni baa ambayo watu hurudi. Na mhudumu aliyekuinamia akasema kwa sauti ya chini, badala ya kukuambia kutoka upande wa pili wa kaunta huku wote wakisikia, alikuwa anakulinda usiaibike. Mimi ningerudi hapo hapo, nikamuuliza yeye nikae wapi.


Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kaka mleta mada, pole kwa upweke. Nimehama miji mara tatu kwa sababu ya kazi, na kila mara nimetafuta unachokitafuta, ila nikiwa mwanamke hesabu yangu huanzia mlangoni na barabarani, kabla sijafika kaunta.

Kwanza huenda jua likiwa bado lipo, kisha naitazama barabara kwa saa nitakayoondoka, si kwa saa niliyofika. Mtaa uliochangamka saa kumi na mbili jioni unaweza kuwa giza tupu saa tatu. Nikiingia, hukaa karibu na mahali mhudumu anaposimama, na chupa yangu hufunguliwa mbele ya macho yangu. Hayo ni ya kawaida na kina dada wengi hapa wanayajua. Kipimo changu kikubwa ni kingine: nasubiri nione baa inamfanyaje mlevi anayemsumbua mwenzake.

Katika mji wa pili niliohamia, bwana mmoja alikuwa ameniegemea akinisimulia habari ndefu ambayo sikuiomba. Mhudumu hakumgombeza wala hakuniuliza kitu. Alikuja, akainua glasi ya yule bwana, akaenda nayo mpaka mwisho wa pili wa kaunta, akaiweka juu ya kitambaa safi, akaendelea na kazi zake. Bwana yule akaifuata glasi yake. Nilikaa katika baa ile miaka minne.

Kuhusu kuonekana umefukuzwa nyumbani, ondoa shaka. Anayekaa peke yake akiwa ametulia hatazamwi na mtu. Anayetazamwa ni yule anayegeukia mlango kila unapofunguliwa.

Na kwa kuwa taaluma yangu hainiruhusu kunyamaza, Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Sikwambii usiende, maana mimi mwenyewe naenda. Nakwambia tu kwamba ukiwa na mpango wa kurudi mara kwa mara, idadi ya ziara isiwe ndiyo idadi ya chupa. Mara nyingi mimi hunywa soda kwa mwendo ule ule wanaokunywa wenzangu bia, kiti nakilipia kama wao, na sijawahi kuulizwa kwa nini.


Mpinga Hoja

Nimewasoma wote kwa makini, na bado naona mleta mada anauziwa matumaini.

Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa mwaka 2018 utafiti uliohusisha, miongoni mwa wengine, watu wazima waliokuwa wamehamia mahali papya muda si mrefu. Makadirio yake ni kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu juujuu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Mleta mada ni mkaguzi wa hesabu, basi apige mwenyewe: saa mbili kila Jumanne ni wiki 25 kwa hatua ya kwanza na karibu miaka miwili kwa hatua ya mwisho, tena ikiwa mtu huyo huyo atakuwepo kila Jumanne na watazungumza muda wote, jambo ambalo katika baa halitokei.

Upo pia utafiti wa Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, wa mwaka 2016, ambao watu hupenda kuutaja katika mijadala kama hii. Huo ulikuta nchini Uingereza kwamba watu walio na baa ya mtaani waliyoizoea wana marafiki wa karibu wengi zaidi na wanaridhika zaidi na maisha. Ulifanywa kwa ajili ya chama cha wapenzi wa bia, nami sishangai matokeo yake kuwafurahisha. Hata tukikubali takwimu zake, bado hatujui kipi kilitangulia, maana huenda mwenye marafiki wengi ndiye anayepata mtu wa kwenda naye baa. Na tusisahau kwamba baa ni biashara. Mhudumu anakutabasamia kwa sababu analipwa, naye akihamia kwingine tabasamu linahama pamoja naye.

Ushauri wangu ni kwaya, mbio za asubuhi, au kikundi chochote ambacho watu wanakutana wakiwa na kazi ya kufanya pamoja. Huko saa hamsini zinakwisha haraka, na asubuhi kichwa hakiumi.


Fundi Sauti

Nitaongeza jambo moja ambalo wakubwa hawakuligusa, nalo ni kelele, kwa kuwa ndilo linaloua baa za mitaani kimyakimya.

Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa mita moja kutoka kwa mwenzao huwa na nguvu ya desibeli 60 hivi. Chumba kikiwa na kelele zaidi ya hapo, kila mtu hupandisha sauti bila kujijua, tabia iliyoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911 na inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Ukipandisha wewe, jirani naye anapandisha, meza ya tatu inazifuata, na mwenye baa akiona watu wanapiga kelele anaongeza muziki ili usikike. Sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya zege huirudisha sauti yote chumbani, ilhali pazia, mbao na viti vya kitambaa huimeza kiasi. Kwa hiyo usiandike tu «muziki mzuri» katika jedwali lako. Kaa kwa urefu wa mkono kutoka kwa mtu, mwulize saa, na usikilize kama mmoja wenu amelazimika kuinama ili asikie.

Nikirudi kwa ndugu Mpinga Hoja, hata Dunbar na wenzake waliona kwamba katika baa kubwa za katikati ya jiji watu hukaa kwa makundi makubwa na mazungumzo yao hutawanyika, ilhali katika baa ndogo za mitaani waliokaa pamoja husikilizana zaidi. Ninyi mtasema ni ukarimu. Mimi nasema tuanze na dari.

Na kuhusu televisheni ndogo na viti vibaya, mwanasosholojia Ray Oldenburg, ambaye mwaka 1989 aliandika juu ya alipopaita mahali pa tatu, yaani pasipo nyumbani wala kazini, alitaja kwamba sehemu za namna hiyo kwa kawaida hazina mapambo wala majivuno. Palipopambwa sana humfanya mtu ajihisi yuko matembezini. Usiziondolee alama baa kwa kuwa na sura ya kawaida.


Mgeni wa Ghorofa ya Tatu (mleta mada)

Nawashukuru wote, na namshukuru Mpinga Hoja kwa namna ya pekee, kwa kuwa amenilazimisha kusema ninachokitaka hasa.

Hesabu nimepiga na ni kweli inatoka kama alivyosema. Ila nikiikumbuka baa yangu ya miaka tisa, naona kwamba rafiki wa karibu niliyempata pale ni mmoja tu, na wengine wapatao ishirini sikuwahi kuingia nyumbani kwao wala wao kwangu. Majina ya baadhi yao sikuyajua, niliwajua kwa kazi zao na kwa timu zao. Hata hivyo ndio niliowakosa zaidi nilipohama. Nimesoma kwamba mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza jinsi watu tunaofahamiana nao juujuu wanavyotuletea habari ambazo ndugu na marafiki hawana: miongoni mwa watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, zaidi ya nusu walikuwa wakionana na mtu huyo mara moja moja tu. Sitafuti kazi, lakini nadhani ni jambo lile lile. Rafiki wa karibu nitampata kazini au, nani ajuaye, kwenye hiyo kwaya, ingawa sauti yangu haimfai mtu. Kinachokosekana ni hao ishirini.

Jedwali nimelifuta jana usiku. Nitakwenda kwenye ile ya dakika sita, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, kwa muda wa wiki nane, nami nitarudi hapa kutoa taarifa.


Kaunta Miaka 11

Umesema vizuri. Ila usikae umehesabu wiki nane kama mtu aliyepewa kifungo. Na ukifika muulize mhudumu swali la kiti kabla ya kuagiza, maana ukishaagiza atakuwa na haraka.


Mpinga Hoja

Nitasubiri taarifa. Nikikosea nitakubali, lakini hesabu ya saa 200 iko palepale.


Mgeni wa Ghorofa ya Tatu (mleta mada)

Wanajamvi, wiki nane zimekwisha. Nilikosa moja kwa homa.

Jumanne ya kwanza nilifanya kama nilivyoelekezwa, nikamuuliza mhudumu mahali pa kukaa. Alinitazama kidogo, kisha akanionyesha kiti cha pili kutoka kwenye kona, akasema mwenyewe alihama mwaka jana. Sikujua kama nifurahi au nihuzunike. Kiti hicho ni kibaya kuliko vyote, kina mguu mmoja mfupi, na sasa huja na kipande cha kadibodi mfukoni.

Jumanne ya pili na ya tatu hazikuwa na lolote la kusimulia, na nikiri kwamba ya tatu nilitaka kuacha. Nilisoma gazeti lote mpaka matangazo ya minada. Ya nne, mwenye kiti cha mwisho, mzee mmoja mstaafu wa reli, aliniuliza gazeti langu linasema nini kuhusu mechi, nikamjibu, akasema mwandishi hajui mpira, na hapo tukanyamaza tena. Ya tano ndiyo niliyoikosa. Ya sita mhudumu aliniuliza kama nilisafiri, naye mzee wa reli, bila kugeuka, akasema alimwambia mimi ni mgonjwa tu, kwa kuwa mtu wa kadibodi hasafiri. Ndivyo ninavyoitwa, Kadibodi, na jina langu hakuna aliyelitaka bado.

Sina rafiki mpya hata mmoja, kwa hiyo Mpinga Hoja yuko sahihi kwa hesabu zake. Kelele ziko chini, Fundi Sauti, nadhani ni kwa ajili ya dari la mbao ambalo mara ya kwanza nililiondolea alama kwa uchakavu.

Jana, ambayo ilikuwa ya nane, aliingia kijana mmoja akiwa na begi mgongoni, akaagiza bia, akatazama huku na huku, kisha akaja moja kwa moja kwangu kuniuliza choo kiko wapi. Nikamwelekeza. Alipofika mlangoni akasimama, akawa anapapasa ukutani kwa ndani. Nikamwambia kwa sauti, kutoka pale nilipokaa, kwamba swichi iko nje, upande wa kulia, na aibonyeze mara mbili.